Sauti Iongezwe Wapi

Masika yakikolea huku Makumira, mvua ikishika bati saa mbili usiku, taarifa ya habari haisikiki. Nyumba nyingi kati ya Tengeru na Usa River zimeezekwa bati, na si zote zilizopigwa dari. Mvua ikizidi, mtangazaji anabaki kuchezesha midomo. Mwenye rimoti anapandisha sauti mpaka mia, wapi. Mwenye sabufa anazungusha voliumu mpaka igome, na bado maneno hayashikiki. Hapo lawama zinaanza: sabufa imechoka, king'amuzi hiki sauti yake ndogo, mwezi ujao tutafute kubwa zaidi. Kesho yake kijana wa nyumba anachomeka flashi kwenye sabufa ileile, na vikombe vinacheza kabatini.

Sabufa inayochezesha vikombe haijapungukiwa nguvu. Kilichopungua ni kinachoingia ndani yake kutoka kwenye king'amuzi. Ndiyo maana nasema kwamba kuongeza sauti kidogo nyumbani ni swali la mahali kabla ya kuwa swali la kiasi. Desibeli sita zikiwekwa pale signali ilipo dhaifu zinaponya. Desibeli hizohizo zikiwekwa mwishoni mwa mnyororo zinaleta mvumo, shii isiyokoma, na pengine spika iliyoungua. Familia nyingi zinatoa fedha kununua wati wakati zilichokosa ni volti, tena sehemu ndogo tu ya volti moja.

Hesabu kidogo inahitajika, kwa sababu bila hiyo muuzaji atakuuzia chochote. Desibeli hupima uwiano. Nguvu ikizidishwa mara mbili, zimeongezeka desibeli 3. Volti zikizidishwa mara mbili zimeongezeka desibeli 6, na nguvu imekuwa mara nne. Ili sikio la kawaida likubali kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, inahitajika nyongeza ya desibeli kama 10, yaani nguvu mara kumi. Kwa hiyo ukiacha sabufa ya wati 50 ukanunua ya wati 100, spika zikiwa za ufanisi uleule, umepata desibeli 3. Utaitambua tofauti ukitega sikio. Kushindana na mvua ya Aprili haiwezi.

Na wati zenyewe zina maneno. Kwenye boksi huandikwa maelfu ya wati na herufi PMPO pembeni. Herufi hizo hazina kanuni yoyote ya kimataifa inayozitawala, kila kiwanda kinahesabu kitakavyo. Geuza kifaa usome kibandiko cha nyuma, pale palipoandikwa 230 V na 50 Hz. Kikisema kinakula wati 40 za umeme, hakiwezi kutoa zaidi ya hizo mfululizo kwenye spika, boksi liseme litakalo.

Sasa tuangalie kinachoingia. Vifaa vya nyumbani havisemi kwa sauti moja. Maikrofoni kama Shure SM58, inayoshikwa na waimbaji wa kwaya nyingi hapa nchini, hutoa milivolti chache tu mtu akiimba kwa karibu. Sindano ya kawaida ya santuri hutoa kama milivolti 5. Deki ya kaseti na vifaa vya zamani vya nyumbani vilitengenezwa kwa kiwango cha volti 0.316, na vya studio kwa volti 1.23. Kicheza CD hutoa volti 2 wimbo ukifika kileleni. Simu hutofautiana, nyingi zikiwa kati ya nusu volti na volti moja kwenye tundu la visikilizio. Ukivichomeka vyote hivi kwa zamu kwenye tundu moja la sabufa, halafu ukategemea voliumu moja ivisawazishe, umeiomba kazi isiyo yake.

Tofauti inayosumbua zaidi sebuleni, hata hivyo, haitoki kwenye volti za kifaa. Inatoka kwenye namna sauti yenyewe ilivyopikwa. Signali ya kidijitali ina kikomo cha juu kisichovukika. Wanaotengeneza nyimbo za kisasa wanausukuma wimbo wote ukae karibu na kikomo hicho, kila mmoja akitaka wimbo wake usikike kuliko wa mwenzake. Watangazaji wa televisheni wanafuata njia nyingine. Mwaka 2006 Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, ulitoa namna ya kupima ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia. Mwaka 2010 Umoja wa Utangazaji wa Ulaya ukaweka wastani wa kipindi uwe desibeli 23 chini ya kikomo, ili nafasi iliyobaki juu itumike kwa vishindo, makofi na muziki. Mwaka huohuo Marekani ilitunga sheria ya kuzuia matangazo ya biashara yasipige kelele kuliko kipindi chenyewe.

Weka namba hizo kwenye meza moja. Kipindi kilichoandaliwa kwa wastani wa 23 chini ya kikomo, na wimbo wa flashi wenye wastani wa 9 chini ya kikomo, vimeachana kwa desibeli 14. Kwa volti, hiyo ni mara tano. Mtangazaji anaingia kwenye sabufa akiwa na sehemu moja, mwanamuziki akiwa na tano. Hakuna aliyekosea hapo, na king'amuzi si kibovu. Wawili hao wamezoea vipimo tofauti, na wanakutana kwenye sebule moja.

Tanzania iliingia katika hali hii kwa kishindo. Uzimaji wa mitambo ya analojia ulianzia Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, Arusha ikafuata mwaka 2013. Kabla ya hapo waya wa antena uliingia moja kwa moja kwenye runinga, na sauti ilikuwa na mwongozaji mmoja. Kilipokuja king'amuzi kikaja na rimoti yake na voliumu yake. Wenye sabufa wakawa na voliumu tatu zilizopangana: ya king'amuzi, ya runinga, ya sabufa. Mtoto akipunguza ile ya king'amuzi hadi 40 mchana kwa sababu bibi amelala, usiku baba anapandisha ya sabufa hadi mwisho bila kujua kwamba kule mwanzo signali ilikwisha kubanwa.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni ya bure, na ninaisisitiza kwa sababu nimeona ikiponya nyumba nyingi kuliko kifaa chochote cha kununua. Pandisha voliumu ya king'amuzi hadi juu kabisa au karibu na hapo. Kama sabufa inapata sauti kupitia tundu la visikilizio la runinga, pandisha na ya runinga, uishushe kidogo ukisikia sauti inaanza kupasuka. Kisha rimoti hizo ziwekwe kando; kazi ya kupandisha na kushusha ibaki kwa sabufa peke yake. Kwa Bluetooth ni vilevile: simu nyingi zina voliumu yao na sabufa ina yake, na ya simu ndiyo inayotakiwa kuwa juu. Mara nyingi desibeli sita ulizokuwa unazitafuta dukani zilikuwa zimefungiwa hapo.

Baadhi ya ving'amuzi na runinga vina mpangilio mwingine uliofichwa kwenye menyu ya sauti, unaohusu matangazo yenye mfumo wa Dolby Digital. Huwa kuna chaguo mbili, Line na RF. Ya kwanza inaacha mazungumzo kwenye 31 chini ya kikomo, ya pili inayapandisha hadi 20 chini ya kikomo na kuvibana vishindo ili visipasue. Hizo ni desibeli 11 kwa kubonyeza rimoti. Kwa anayesikiliza sinema usiku kwa utulivu, Line ni bora. Kwa mwenye bati lisilo na dari mwezi wa Aprili, achague RF bila kusita.

Ukishafanya hayo na sauti bado haitoshi, fanya jaribio moja kabla ya kumwita fundi. Pandisha sabufa hadi mwisho ukiwa kwenye habari, halafu sikiliza. Sauti ikiwa ndogo lakini safi, sabufa ina nguvu ambayo haijatumika, na nyongeza ndogo kabla yake itasaidia. Sauti ikiwa imeanza kukwaruza na kukoroma, sabufa imefika mwisho wake. Hapo nyongeza yoyote ya kabla yake itakata vilele vya wimbi na kuzidisha mkoromo. Nyongeza ya signali haiongezi uwezo wa mwisho wa amplifaya hata kidogo. Inaufikia tu mapema zaidi. Fundi asiyefanya jaribio hili anabahatisha, na mwenye nyumba ndiye anayelipia.

Tumfungue basi huyu mnyama anayeitwa sabufa, kwa sababu ndani yake somo lote limeandikwa. Umeme umechomolewa, na zile kapasita kubwa zimepewa muda wa kuishiwa chaji. Upande wa 230 V hauna mzaha. Ukitoa bamba la nyuma unakuta transfoma, bamba la alumini la kupozea, na juu yake zimefungwa aisii (IC) za miguu mitano. Kwenye sabufa nyingi za bei ya chini ni TDA2030 au ndugu zake. Kila moja, kwa volti 14 chanya na 14 hasi, inatoa wati kama 14 kwenye spika ya omu 4. Kabla yake, karibu na voliumu, kuna aisii ndogo za miguu minane zilizoandikwa 4558. Hizo ndizo zinazopokea signali, kuitengeneza besi na treble, na kuipeleka mbele.

Katika mchoro wa kawaida wa TDA2030, rizista mbili ndizo zinazoamua ukuzaji: moja ya omu 22,000 na nyingine ya omu 680. Gawanya, ongeza moja, unapata kama mara 33 ya volti, yaani desibeli 30 na kidogo. Fundi mwepesi ataona njia ya mkato: atoe ile ya 680 aweke ya 330. Sasa ukuzaji ni mara 67 hivi, desibeli 6 zimepatikana kwa rizista ya bei ya peremende. Mteja anaondoka akifurahi. Usiku, nyumba ikitulia, anagundua sabufa inapiga shii na kuvuma hata voliumu ikiwa sifuri.

Sababu iko kwenye mpangilio. Voliumu imekaa kabla ya TDA2030. Kelele zote ndogo zinazozaliwa baada ya voliumu, pamoja na mvumo wa transfoma unaoingia kwenye waya za ndani, sasa zinakuzwa maradufu, na hakuna kitu cha kuzishusha. Wameru wanaoishi na mifereji ya kutoka mlimani wanalijua jambo hili kwa vitendo: tope likiingia chini ya lango la maji, kufunga lango hakulisafishi. Ukuzaji ukiwekwa kabla ya voliumu, kelele zake hushuka pamoja na voliumu. Ukiwekwa baada, kelele inakaa nawe usiku kucha.

Mahali panapofaa, basi, ni mwanzoni, na kwa chanzo dhaifu peke yake. Ninasema peke yake kwa makusudi. Fundi akiongeza ukuzaji kwenye 4558 ya kuingilia, anaongeza kwa kila kinachopita hapo, na simu iliyokwisha kuja na volti moja itafika na mbili na kupasua mlangoni. Kijisanduku kidogo kinachokaa kwenye waya wa king'amuzi tu, kabla ya sabufa, hakina tatizo hilo. Ndani yake aisii moja ya aina ya TL072 au NE5532, rizista mbili za omu 10,000 kwa kila upande, kapasita chache na umeme safi. Moja juu ya moja, ongeza moja: mara mbili, desibeli 6. Anayetaka desibeli 3 na ushei aweke 4,700 juu ya 10,000.

Kuna jambo zuri limejificha hapo. Aisii hiyo ikiachwa huru inakuza signali mara laki moja au zaidi, kisha sisi tunairudishia sehemu ya matokeo yake mpaka ibaki mara mbili. Tunautupa ukuzaji karibu wote ili uliobaki uwe mwaminifu. Wazo hilo alilipata mhandisi Harold Black wa Bell Labs mwaka 1927, akiwa kwenye kivuko cha mto Hudson akielekea kazini New York. Simu za masafa marefu zilikuwa zikiharibika kwa kupita kwenye amplifaya nyingi mfululizo, kila moja ikiongeza uchafu wake. Miaka karibu mia baadaye, kijisanduku cha desibeli 6 kwenye meza ya runinga Usa River kinafanya kazi kwa kanuni ileile.

Asiyetaka kuchomelea risasi anunue miksa ndogo, zile za chaneli nne au tano zinazouzwa mjini kwa ajili ya makanisa madogo na shughuli. Zina ukuzaji wa kila chanzo pembeni, na zinasawazisha king'amuzi, simu na maikrofoni kabla ya sabufa. Kwangu hiyo ndiyo njia ya heshima kwa nyumba yenye vyanzo vingi. Kasoro yake ni kwamba imeongeza voliumu ya nne kwenye nyumba iliyokwisha kuchanganyikiwa na tatu, kwa hiyo mtu mmoja aipange, kisha watoto waambiwe isiguswe.

Wengi husahau upande wa pili wa mizani: badala ya kumwinua dhaifu, mshushe mwenye nguvu. Nyimbo za flashi zinaweza kupunguzwa kwa kompyuta bila kuharibiwa. Programu ya MP3Gain inashusha faili za MP3 kwa hatua za desibeli 1.5, na inaweza kuzirudisha zilivyokuwa. Zikishushwa zote zikalingana, voliumu ya sabufa inaweza kubaki pale ilipowekwa kwa ajili ya habari, na hakuna atakayeruka kitini flashi ikichomekwa. Kuinua kwa programu ni hadithi nyingine. VLC inaruhusu kupita asilimia 100, na kwa sinema iliyorekodiwa chini inasaidia kweli. Kwa wimbo uliokwisha gusa kikomo, kila desibeli unayoongeza inakata vilele, na unachosikia kama nguvu ni mkwaruzo.

Mvumo unastahili aya yake, maana ndio unaofanya watu wakate tamaa na kijisanduku kizuri. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na vifaa viwili vilivyounganishwa ardhini kwa njia mbili tofauti vitapitisha mkondo mdogo kwenye waya wa sauti. Utasikia mngurumo mzito wa 50, au mkavu zaidi wa 100. Chomoa waya wa dishi au antena nyuma ya king'amuzi: mngurumo ukikoma, umempata mhusika. Kama ni kompyuta, chomoa chaja uisikilize kwa betri. Transfoma ndogo ya kutenganisha, inayokaa kwenye waya wa sauti, hutibu hali zote mbili. Kukata mguu wa ardhi wa plagi pia huondoa mvumo, lakini siku ya hitilafu mwenye nyumba ndiye atakayekuwa njia ya umeme kwenda ardhini. Fundi anayependekeza hivyo aambiwe afunge mkoba wake aende.

Makumira ina sababu yake ya kulijali suala hili kuliko vitongoji vingine, na sababu hiyo ni kaseti. Chuo cha theolojia cha Walutheri, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, kina historia ndefu na muziki wa kanisa. Katika miaka ya 1960 mmisionari Mmarekani Howard Olson, aliyekuwa mwalimu hapo, alikusanya nyimbo zenye maneno ya wanafunzi na mahadhi ya makabila yao. Mmoja wa wanafunzi hao, Bernard Kyamanywa kutoka Bukoba, aliandika maneno ya "Mfurahini, Haleluya" yakaenda na mahadhi ya Kihaya, na leo Walutheri wa mabara mengine wanauimba Pasaka kwa lugha zao. Nyimbo za aina hiyo zilienea kwa vitabu, lakini vilevile kwa kaseti: zilizorekodiwa usharikani kwa redio-kaseti moja iliyowekwa kwenye benchi, zikanakiliwa, nakala zikanakiliwa tena. Ziko kwenye makabati ya wazee kuanzia Akheri mpaka Maji ya Chai, na nyingi zimerekodiwa chini mno.

Anayezihamishia kaseti hizo kwenye kompyuta anakutana na swali letu katika hali yake kali kabisa. Kaseti ya kawaida bila kipunguza kelele ina nafasi ya desibeli 50 na kitu kati ya sauti kubwa kabisa na ile shii ya utepe. Kwaya ikiwa imerekodiwa desibeli 20 chini ya inavyopaswa, imebaki na 30. Ukiongeza 20, shii nayo imepanda 20. Hakuna kijisanduku kinachoweza kurudisha kisichorekodiwa, na ni vizuri kumwambia mwenye kaseti ukweli huo mapema, kwa upole. Kinachowezekana ni kutoongeza hasara mpya: safisha kichwa cha kusomea kwa spiriti, kirekebishe kikae sawa na utepe mpaka treble irudi, kisha rekodi kwa biti 24 ukiacha vilele vikae kama 12 chini ya kikomo. Katika biti 24 kelele ya kompyuta iko chini sana ya shii ya kaseti, kwa hiyo nyongeza inaweza kufanywa baadaye, kwa utulivu, ndani ya programu ya Audacity. Hapa pekee ndipo ninapokubali ukuzaji ucheleweshwe. Kanuni haijavunjwa: kituo cha mwisho kina kelele ndogo kuliko cha kwanza, na hilo ndilo lililokuwa likitafutwa tangu mwanzo. Naomba tu kazi hiyo isisubiri sana, maana tepu zinanata na waliokuwa wakiimba wanaondoka.

Baada ya waya na aisii kunabaki chumba na sikio, na hapo desibeli hupotea bila mtu kuzihesabu. Sebule ya sakafu ya saruji, kuta tupu na bati juu huirudisha sauti mara nyingi, na silabi inayofuata inakuta ya kwanza ingali hewani. Ukiongeza ukuzaji, unaongeza na mwangwi kwa kiasi kilekile. Pazia zito, zulia, makochi ya kitambaa na hasa dari vitafanya maneno yaeleweke kwa voliumu ndogo kuliko ya jana. Dari ina faida maradufu, kwa kuwa inapunguza na mvua yenyewe. Anayesita kati ya sabufa mpya na mbao za dari, kama anachotaka ni kusikia habari, apige dari.

Umbali nao ni ukuzaji. Spika ikisogezwa ukabaki nusu ya umbali wa awali, sauti inayokufikia moja kwa moja hupanda desibeli 6, bila shii na bila mvumo. Ndani ya chumba chenye mwangwi jumla hupanda kidogo kuliko hapo, lakini sehemu iliyopanda ndiyo ile safi inayobeba maneno. Spika ndogo za sabufa zina waya mrefu kwa sababu hiyo, na bado tunazipanga pembeni mwa runinga kama mapambo.

Kuna pia namna sikio linavyosikia. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikishuka, sikio hupoteza besi kwanza kuliko sauti za kati. Ndiyo maana muziki wa chini unasikika mwembamba, na nyongeza ya desibeli tatu huufanya uonekane mzuri zaidi hata kama hakuna kilichobadilika. Wauza redio wanalijua hilo vizuri: kinachopigwa juu kidogo ndicho kinachonunuliwa. Ukienda mjini kulinganisha spika mbili, mwambie muuzaji azilinganishe sauti kwanza. Kwa maneno mambo ni kinyume. Besi nyingi hufunika konsonanti, na konsonanti ndizo zinazotofautisha "pata" na "kata". Ukisikiliza habari, shusha voliumu ya besi, pandisha treble, na mara nyingi ile ya jumla haitahitaji kuguswa.

Hili linawahusu zaidi wazee. Uzee hula sauti za juu kwanza, zile zile zinazobeba s, t, k na f. Bibi anaposema "ongeza kidogo, mjukuu wangu", anachokosa huenda si ukubwa. Ukimwongezea yote, besi inamuumiza kabla konsonanti hazijamfikia, na wengine chumbani wanaathirika. Shirika la Afya Duniani na ITU wameweka mpaka wa desibeli 80 kwa saa 40 za kusikiliza kwa wiki, na kila desibeli 3 zinazozidi hapo zinakata muda huo nusu: 83 kwa saa 20, 86 kwa saa 10. Kwa bibi, spika moja ndogo isogezwe kando ya kiti chake, treble juu, besi chini, voliumu ya kawaida. Akiendelea kuuliza "amesema nini?" hata kwa watu wanaozungumza naye uso kwa uso, king'amuzi kiachwe kilivyo, na yeye apelekwe kwa wataalamu wa masikio, pua na koo. Hospitali ya KCMC pale Moshi inao.